Nadharia ya Michezo Chuoni: Maswali Yanayoulizwa na Wanafunzi na Wazazi

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, vijana waliosoma uchumi na hisabati huanza kupekua miongozo ya udahili, na humo hukutana na somo ambalo sekondari hawakulisikia: nadharia ya michezo. Wengine hukutana nalo wakiwa tayari mwaka wa pili wa shahada, wakitakiwa kuchagua kati yake na somo jingine la hiari, na mara nyingi hulikwepa kwa kusikia tu kwamba ni gumu. Makala haya yanajibu maswali ambayo wanafunzi na wazazi huuliza zaidi, ili anayelichagua ajue anachokichagua, na anayeliacha ajue anachokiacha.

Nadharia ya michezo ni nini hasa?

Ni elimu ya kufanya uamuzi pale ambapo matokeo yako hayategemei uamuzi wako peke yako, bali pia uamuzi wa wengine wanaokupigia hesabu kama unavyowapigia wao. Mkulima anayeamua apande lini anabahatisha mvua, na mvua haimpigii hesabu yeyote. Lakini muuza saruji anayepanga bei huku duka la pili la saruji liko ng'ambo ya barabara yuko ndani ya mchezo: bei yake itajibiwa, na analijua hilo kabla hajaipanga.

Kila mchezo huelezwa kwa mambo manne. Kuna wachezaji, yaani wanaoamua. Kuna mikakati, yaani mambo ambayo kila mmoja anaweza kuyafanya. Kuna malipo, yaani faida au hasara anayopata kila mmoja kwa kila namna mambo yanavyoweza kuishia. Na kuna kanuni: nani anatangulia, nani anajua nini, mchezo unachezwa mara moja au unarudiwa. Mwanafunzi akishayaandika haya manne sawasawa, nusu ya kazi imekwisha.

Wazo linalobeba somo zima ni msawazo wa Nash. Ni hali ambayo hakuna mchezaji anayeweza kujinufaisha kwa kubadili uamuzi wake peke yake, wengine wakibaki na maamuzi yao. Msawazo si lazima uwe mzuri. Unaweza kuwa mbaya kwa kila mtu na bado ukadumu, na hapo ndipo somo hili linapopata uzito wake.

Ilianzia wapi?

Mwaka 1928 mwanahisabati John von Neumann, mzaliwa wa Hungaria, alithibitisha jambo la msingi kuhusu michezo ya watu wawili ambamo anachopata mmoja ndicho anachopoteza mwenzake. Mwaka 1944 yeye na mwanauchumi Oskar Morgenstern walitoa kitabu kikubwa huko Princeton, Marekani, wakiiingiza elimu hiyo ndani ya uchumi. Miaka michache baadaye, katika Chuo Kikuu cha Princeton, John Nash aliandika tasnifu ya uzamivu ya mwaka 1950, isiyofika kurasa 30, akapanua mawazo hayo hadi kwenye michezo ambayo watu wanaweza wote kufaidika au wote kuumia. Alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1994 pamoja na John Harsanyi na Reinhard Selten. Tangu hapo tuzo hiyo imerudi kwenye uwanja huu mara kadhaa: mwaka 2005 kwa Robert Aumann na Thomas Schelling, mwaka 2012 kwa Alvin Roth na Lloyd Shapley, na mwaka 2020 kwa Paul Milgrom na Robert Wilson, hawa wa mwisho kwa kazi yao kuhusu minada.

Tunaweza kuona mfano mmoja mpaka mwisho?

Tuchukue jambo linalojulikana vizuri pwani: pweza. Kisiwa Panza kule Pemba na Songosongo huko Kilwa ni miongoni mwa mahali ambako wanakijiji wamewahi kukubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue kabla ya kuvuliwa. Pweza hukua upesi sana, kwa hiyo kusubiri kunalipa.

Sasa wafikirie wavuvi wawili, Makame na Juma, wanaotumia mwamba mmoja na hawana makubaliano yoyote. Kila mmoja anaweza kusubiri au kuvua sasa. Tarakimu hizi ni za mfano tu:

- Wote wakisubiri, kila mmoja anapata kilo 60.
- Wote wakivua sasa, kila mmoja anapata kilo 30.
- Mmoja akivua huku mwenzake anasubiri, aliyevua anapata kilo 80 na aliyesubiri anaambulia kilo 10.

Jiweke mahali pa Makame. Ikiwa Juma atasubiri, Makame akisubiri pia atapata 60, akivua atapata 80, afadhali avue. Ikiwa Juma atavua, Makame akisubiri atapata 10, akivua atapata 30. Hapo pia afadhali avue. Kwa hiyo lolote afanyalo Juma, kuvua ndiko kunakomlipa Makame. Juma naye anapiga hesabu hiyo hiyo. Wote wawili wanakwenda mwambani na ndoano zao, kila mmoja anarudi na kilo 30, ilhali kila mmoja angeweza kupata 60.

Hali hii huitwa mtanziko wa wafungwa. Merrill Flood na Melvin Dresher waliubuni mchezo wenyewe mwaka 1950 katika taasisi ya utafiti ya RAND huko California, na Albert Tucker akauvisha hadithi ya wafungwa wawili wanaohojiwa kila mmoja chumba chake. Angalia vizuri kilichotokea mwambani. Makame si mwovu, Juma si mjinga. Kilichowaponza ni kanuni za mchezo walimojikuta.

Na hapa ndipo mwanafunzi anapoanza kufanya kazi ya maana: anabadilisha kanuni, kisha anapiga hesabu upya. Kijiji kikiweka faini kwa anayevua mwamba umefungwa, faini hiyo iwe kiasi gani? Faida ya kuvunja makubaliano ni kilo 20 kwa vyovyote vile: 80 kutoa 60, au 30 kutoa 10. Faini yenye thamani inayozidi kilo 20 inatosha, ikiwa kila mvunjaji anakamatwa. Ikiwa doria inakamata nusu tu ya wavunjaji, faini lazima izidi kilo 40. Kamati ya kijiji inayopandisha faini bila kuuliza kama doria inafanyika imefanya nusu ya hesabu.

Kuna njia nyingine isiyo ya faini. Makame na Juma watakutana tena msimu ujao, na unaofuata. Tuseme wamekubaliana kwamba mmoja akivunja ahadi mara moja, kuanzia msimu unaofuata kila mtu atavua anavyotaka. Kuvunja kunampa mtu kilo 20 za ziada leo, na kumpotezea kilo 30 kila msimu baada ya hapo. Ukiifanya hesabu hiyo utaona ahadi inasimama iwapo kwa mvuvi huyo kilo moja ya msimu ujao ina thamani ya angalau 0.4 ya kilo moja ya leo. Mvuvi anayedaiwa ada ya shule wiki hii anaweza asifike kiwango hicho, si kwa sababu hana uaminifu, bali kwa sababu kesho yake ameshaiweka rehani. Ndiyo sababu kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kuulinda mwamba kuliko mgambo. Hitimisho hilo limetoka kwenye hesabu ya mistari mitatu, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anaiweza.

Je, linafundisha kamari au kubeti?

Hapana. Ni kweli kwamba waasisi wake walichunguza poka, bao la sataranji na michezo ya karata, kwa sababu humo kanuni ziko wazi na ushindi unaonekana. Lakini anayesoma nadharia hii vizuri ndiye wa kwanza kuona kwa nini kubeti hakulipi. Kampuni ya kubeti hupanga viwango vyake ili sehemu ya fedha zinazowekwa ibaki kwake, mechi iishe vyovyote. Wateja wote wakijumlishwa, hicho ni kiasi wanachokiacha pale. Mzazi asihofu kwamba mtoto anapelekwa huko. Somo hili linampa hesabu ya kukataa.

Linahitaji hisabati kiasi gani?

Kwa ngazi ya shahada ya kwanza, mwanafunzi anahitaji aljebra ya kutatua milinganyo, seti, uwezekano, na utofautishaji katika kalikulasi ili atafute mahali ambapo faida inafikia kilele. Aliyesoma hisabati ya juu kidato cha tano na sita ana msingi wa kutosha. Aliyesoma BAM (hisabati tumizi ya msingi) anaweza pia, mradi arudie uwezekano na kalikulasi kabla ya muhula kuanza.

Kinachowashinda wengi si hesabu ngumu bali hoja ndefu. Swali moja linaweza kukutaka useme: "Makame anajua kwamba Juma anajua kwamba Makame ataona." Ukikosa subira na mnyororo wa namna hiyo, kalikulasi haitakuokoa. Uthibitisho kamili wa Nash kwamba msawazo upo unatumia hisabati nzito, na kozi nyingi za shahada ya kwanza hazimdai mwanafunzi auandike. Zinamdai auelewe unasema nini na autumie.

Linafundishwa mwaka gani, na ndani yake kuna nini?

Mara nyingi ni somo la mwaka wa pili au wa tatu katika shahada za uchumi, baada ya mwanafunzi kupita uchumi wa soko na kampuni. Hukutana nalo pia wanafunzi wa takwimu, hisabati, sayansi ya kompyuta, siasa na uhusiano wa kimataifa, wakati mwingine kama somo zima na wakati mwingine kama mada ndani ya somo jingine. Shahada inayobeba jina hili peke yake ni adimu, kwa hiyo usiitafute kwenye orodha ya udahili ya TCU ya Tanzania au KUCCPS ya Kenya. Tafuta shahada ya uchumi au hisabati, kisha chunguza orodha ya masomo yake.

Kozi nyingi zimepangwa kwa hatua nne, kama kilivyopangwa kitabu cha Robert Gibbons cha mwaka 1992 ambacho vyuo vingi duniani hukitumia.

Hatua ya kwanza ni michezo ambayo wote wanaamua kwa wakati mmoja na kila mtu anajua malipo ya mwenzake. Mwamba wa pweza uko hapa. Iko hapa pia penalti. Mpigaji wa Simba au Yanga akizoea kupiga kulia, kipa atamsoma. Kwa hiyo lazima achanganye, na achanganye kwa uwiano ambao haumpi kipa faida ya kuruka upande wowote. Mwaka 2003 mwanauchumi Ignacio Palacios-Huerta alichapisha uchunguzi wa penalti 1,417, nyingi za ligi za Ulaya, akakuta kwamba uwezekano wa kufunga ulikuwa takriban asilimia 80 mpigaji akichagua upande wowote, kama nadharia ilivyotabiri. Wachezaji hao hawakuwa na daftari la hesabu uwanjani. Mazoezi na upinzani wa makipa viliwafikisha mahali pale pale.

Hatua ya pili ni michezo ya zamu, ambamo mmoja anatangulia na mwingine anaona kisha anajibu. Hapa mwanafunzi hufundishwa kuchora mti wa mchezo na kufikiri kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Chukua duka la jumla la zamani linalomtishia mgeni: "Ukifungua hapa, nitauza kwa hasara mpaka ufunge." Tuseme mgeni asipofungua, duka la zamani linapata faida ya milioni 30. Akifungua na wakagawana wateja, kila mmoja anapata milioni 10. Akifungua na vita vya bei vikaanza, kila mmoja anapoteza milioni 5. Anza mwisho: mgeni akishafungua, mwenye duka la zamani atachagua nini kati ya kupata milioni 10 na kupoteza milioni 5? Atagawana wateja. Basi tishio lake ni maneno matupu, na mgeni mwenye kupiga hesabu atafungua. Reinhard Selten ndiye aliyelipa wazo hili umbo lake rasmi mwaka 1965, na linatumika kupima vitisho vya wafanyabiashara, vya vyama vya wafanyakazi na vya mataifa.

Hatua ya tatu ni michezo ambayo kila mchezaji ana siri yake. Mfano wake mkubwa ni mnada. Kwa miaka mingi, chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, wanunuzi wa korosho Mtwara na Lindi waliandika bei zao kwenye zabuni zilizofungwa, zikafunguliwa mbele ya wakulima. Siku hizi mauzo hayo yamehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Katika zabuni iliyofungwa, mnunuzi hataji thamani yote ya mzigo kwake, kwa sababu hapo hatabakiwa na faida, anapunguza. Anapunguza kiasi gani? Katika mfano wa kitabuni, thamani ya kila mnunuzi ni siri yake na inaweza kuwa popote kati ya sifuri na kikomo fulani kwa uwezekano ulio sawa. Wakiwa wanunuzi wawili, kila mmoja anataja nusu ya thamani yake. Wakiwa watano, anataja asilimia 80. Wakiwa kumi, asilimia 90. Mnunuzi anayeona kilo ya korosho ina thamani ya shilingi 4,000 atataja 2,000 akishindana na mmoja, na 3,600 akishindana na tisa. Kila mnunuzi wa ziada anayekuja mnadani ni fedha mfukoni mwa mkulima. Na wanunuzi wakikaa pembeni wakapanga bei, mkulima anarudishwa kwenye mnada wa mtu mmoja hata kama ukumbi umejaa.

Hatua ya nne inaunganisha zamu na siri: mwenye siri anatenda kwanza, na wengine wanajaribu kuisoma siri kupitia tendo lake. Mwanauchumi Michael Spence, katika kazi yake ya mwaka 1973, alionyesha kwamba cheti cha shule kinaweza kumsaidia mwajiri kumtambua mfanyakazi hodari hata kama masomo yenyewe hayakumwongezea ujuzi wa kazi ile, ilimradi kukipata cheti hicho ni kugumu zaidi kwa asiye hodari. Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, na kozi nyingine huigusa tu.

Watu halisi hufikiri hivyo kweli?

Si wakati wote, na kozi nzuri haifichi jambo hili. Mwaka 2005 gazeti la Politiken la Denmark liliwaalika wasomaji kutaja namba kati ya 0 na 100. Mshindi angekuwa aliyekaribia zaidi theluthi mbili ya wastani wa namba zote. Msawazo wa mchezo huu ni mmoja tu: kila mtu ataje 0. Watu 19,196 walishiriki, na namba iliyoshinda ilikuwa karibu na 21.6. Wengi walifikiri hatua moja au mbili mbele, wakaishia hapo. Anayetaja 0 kwa sababu kitabu kimesema hivyo anapoteza, kwa kuwa amesahau kuwauliza wenzake wako wapi.

Ushahidi mwingine umetoka kwetu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, Joseph Henrich na wenzake walichezesha michezo ya fedha katika jamii ndogo 15 duniani, wakiwamo Wahadzabe wa Tanzania na Waorma wa Kenya. Katika mchezo mmoja, mtu hupewa fedha na kutakiwa kumgawia mwenzake. Mwenzake akikataa mgao, wote wanakosa. Hesabu ya ubinafsi mtupu inasema mgawaji atoe kidogo kabisa na mpokeaji akubali chochote. Hakuna jamii iliyofanya hivyo. Wahadzabe wa kambi ndogo walitoa takriban robo tu, na baadhi ya wenzao walikataa. Wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, walitoa zaidi ya nusu kwa wastani. Waorma, katika mchezo wa kuchangia mfuko wa pamoja, waliutambua mara moja: wakauita mchezo wa harambee, wakachangia asilimia 58 ya fedha walizopewa kwa wastani. Kanuni zilizoandikwa na watafiti zilikuwa zile zile kila mahali. Watu walizisoma kwa desturi walizotoka nazo nyumbani.

Kwa hiyo mwanafunzi asikichukue kitabu kama picha ya watu. Akichukue kama kipimo: tabia ikitofautiana na hesabu, hapo kuna jambo la kuuliza. Je, malipo tuliyoyaandika ndiyo wanayoyathamini? Je, kuna heshima, aibu au imani ya dini ambayo hatukuiweka kwenye hesabu?

Je, somo hili halimfundishi mtu ubinafsi?

Swali hili ni zito na linastahili jibu la wazi. Nadharia yenyewe haisemi kwamba watu wanajali fedha zao tu. Malipo ni chochote anachokithamini mchezaji, ikiwa ni pamoja na watoto wa jirani kushiba. Hatari ipo pale mwalimu anapoishia kwenye mtanziko wa wafungwa na kumwachia mwanafunzi aamini kwamba kusalitiana ndiyo akili.

Kozi isiishie hapo. Karibu na mwaka 1980 Robert Axelrod wa Chuo Kikuu cha Michigan alialika wataalamu walete programu za kompyuta zicheze mtanziko huo kwa kurudiarudia. Shindano la kwanza lilipata programu 14, la pili 62. Katika yote mawili ilishinda programu fupi ya Anatol Rapoport: anza kwa ushirikiano, kisha mfanyie mwenzako alichokufanyia zamu iliyopita. Haikuanza ugomvi, haikukubali kuonewa, wala haikuweka kinyongo. Naye Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza jamii zinazotunza misitu, maji na samaki wao wenyewe. Alionyesha kwamba watumiaji wakiwa na sauti katika kutunga kanuni, wakasimamiana, na adhabu zikaanza ndogo kabla ya kupanda, mali ya wote inaweza kudumu vizazi kwa vizazi bila kuuzwa kwa mtu binafsi wala kuchukuliwa na serikali.

Mitihani ikoje, na wanafunzi hukosea wapi?

Mtihani hukupa hadithi fupi na kukutaka uitengeneze iwe mchezo, utafute msawazo, kisha ueleze maana yake. Makosa matatu hujirudia.

La kwanza ni kutaja malipo badala ya mikakati. Msawazo wa mfano wa pweza si "kilo 30 na kilo 30"; ni "Makame anavua, Juma anavua".

La pili ni kusahau kwamba katika michezo ya zamu mkakati ni mpango kamili. Duka la zamani lazima liseme litafanya nini mgeni akifungua, hata kama mwishowe mgeni hafungui. Mpango wa jambo lisilotokea ndio unaoamua litakalotokea.

La tatu ni kuridhika na msawazo wa kwanza. Mchezo unaweza kuwa na misawazo miwili, mitatu au zaidi, na ule wa mikakati ya kuchanganya ndio unaosahaulika. Chunguza kila kisanduku cha jedwali la malipo, kimoja baada ya kingine, kisha utafute na ule wa kuchanganya.

Mtu akilisoma atapata kazi gani?

Ni nadra kuona tangazo la kazi linalotaka mtaalamu wa nadharia ya michezo kwa jina hilo. Somo hili ni nyenzo anayokwenda nayo mtu kwenye kazi nyingine. Tume na mamlaka zinazosimamia ushindani wa biashara zinahitaji watu wa kutambua kampuni zilizopanga bei kwa siri. Mamlaka za mawasiliano zinazouza masafa ya simu kwa mnada zinahitaji watu wa kubuni mnada ambao haupangiki. Ofisi za ununuzi wa umma, benki kuu, mamlaka za kodi, mashirika ya bima na wanadiplomasia wa mazungumzo ya biashara wote wamo humo. Upande wa kompyuta, matangazo ya mtandaoni huuzwa kwa minada inayoendeshwa kila sekunde, na watafiti wa akili mnemba hutumia nadharia hii pale mashine nyingi zinapotakiwa kushirikiana au kushindana. Hospitali katika nchi kadhaa hupanga ubadilishanaji wa figo kwa kufuata kazi ya Alvin Roth na wenzake, mgonjwa ambaye figo ya ndugu yake haimfai akabadilishana na familia nyingine yenye tatizo kama lake.

Mwajiri hatakuuliza kama unaujua msawazo wa Nash. Atakupa mkataba, zabuni au mgogoro, aone kama unaweza kutabiri upande wa pili utafanya nini.

Naanzaje kabla sijafika chuoni?

Mihadhara 24 ya Ben Polak wa Chuo Kikuu cha Yale, iliyorekodiwa mwaka 2007, inapatikana bure mtandaoni na imemsaidia mwanafunzi wa kawaida kuliko vitabu vingi. Chuo Kikuu cha Stanford na kile cha British Columbia vina kozi ya pamoja kwenye Coursera. Kwa kusoma, kitabu cha utangulizi cha Martin Osborne kina mazoezi mengi, na vile vya Avinash Dixit na Barry Nalebuff havina hesabu nzito, vinamfaa hata mzazi anayetaka kujua mtoto wake anasoma nini. Vyote hivi ni vya Kiingereza. Anayeanza asome taratibu, kila dhana aieleze upya kwa Kiswahili mbele ya mwenzake. Asiyeweza kuieleza bado hajaielewa.

Usisome peke yako. Tafuta wenzako watatu au wanne, chezeni michezo hii kwa maharage au sarafu, andikeni matokeo, kisha mlinganishe na hesabu.

Na mwalimu wa chuo anayefundisha somo hili Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Bujumbura anaombwa jambo moja: aache kutegemea mifano ya kampuni za magari za Marekani pekee, alete mnada wa korosho, mwamba wa pweza, foleni ya maji na mazungumzo ya nauli. Sehemu kubwa ya migogoro yetu ya ardhi, ya samaki na ya bei tumezoea kuitafutia mtu wa kulaumiwa. Kijana aliyefundishwa kuuliza kwanza kanuni zikoje, na zikibadilishwa vipi watu wale wale watafanya vizuri, ana mchango wa kutoa kijijini kwake hata kabla hajapata cheti. Ukilikuta somo hili kwenye orodha ya masomo ya hiari, lichague.